Pale Ufagio Usipofika

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeingia tangu Novemba, sasa ni Aprili,
na chini ya mparachichi wa mama
mizizi imetoka nje kama mishipa
ya mkono uliobeba sana.

Mama amefagia hapo miaka arobaini na mitatu.
Kabla ya chai, kabla ya sala,
mgongo umeinama,
hadi udongo ung'ae kama sinia.
Kwetu, jani moja uani
ni neno moja baya juu ya mwenye nyumba.
Kila ufagio ukipita, punje chache za udongo;
kila mvua ikipita, zilizobaki.
Hakuna aliyepiga hesabu.

Mwaka huu mkono wa kulia umegoma.
Daktari kasema, apumzike.
Mimi nikasema, nitapanda kitu kilalacho.

Nikashuka hadi kitaluni kwa Gwantwa, njia ya Kiwira.
"Virefu ninavyo," nikamwambia.
"Nina mparachichi, nina migomba,
na mibuni sitini chini ya migomba.
Nataka cha miguuni."
Akacheka. "Wenzako wote wanaulizia kinachokwenda juu."

Ukoka? Ukoka ni mtoto wa jua;
kivulini hukonda, hugeuka manjano, hufa kwa kijicho.
Matembele? Mboga ni mboga, lakini yanaita fuko,
na fuko akishaonja kiazi
haulizi mzizi unaofuata ni wa nani.
Mnanaa? Mpe shubiri, kesho anataka pima,
keshokutwa yuko mlangoni anaomba sukari.
Na kile chenye mistari ya zambarau,
kinachoning'inia kwenye kopo la rangi barazani kwa mchungaji?
"Hicho ni cha kutazamwa," alisema Gwantwa.
"Kikikanyagwa kinanuna."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Juu ya mchagua zulia hawakusema kitu.
Nikarudi mikono mitupu, tope hadi gotini.

Nyuma ya choo cha zamani,
pale ufagio usipofika,
kongwa ilikuwa imejitandika.
Kongwa! Gugu la kung'olewa,
gugu ambalo mama alitulipa
senti hamsini kwa kila furushi.
Nikalifunua kwa mikono miwili:
chini yake udongo mweusi, baridi, unaofinyangika,
na nyungunyungu wawili wakiushangaa mwanga.
Halikuwa limemeza cha mtu.
Lilikuwa limeshika tu.

Nikakata vipande,
nikavichomeka kuizunguka mizizi iliyo uchi,
hatua moja mbali na shina.
Nikaacha njia ya miguu, mlangoni hadi bombani.

Mama, juu ya kigoda, alinitukana polepole
kwa Kinyakyusa, ambacho kwa matusi ya majani
hakijawahi kupungukiwa.
"Mtu aliyesoma, anapanda gugu!
Wanawake wa ushirika wakija Jumatano nitasema nini?"
"Sema nimekuwa mvivu."
"Hilo wanalijua."

Jumatano walikuja. Subilaga alitazama,
akatazama tena, akaomba maji ya kunywa.
Mama hakusema nimekuwa mvivu.
Alisema mvua ya mwaka huu ni mbaya.

Wiki ya sita, nimeamshwa na sauti ya ufagio.
Kshh. Kimya. Kshh.
Ni mkono wa kushoto, unajifunza.
Kutoka dirishani namwona:
amefagia njia yote, amefika ukingoni,
pale kongwa inapofumbua
macho yake ya buluu yasiyongoja adhuhuri.

Anasimama.
Anaurudisha ufagio nyuma kidogo,
kama aliyenusurika kumwamsha mtoto,
kisha anaanza njia ile ile upya,
toka bombani,
ingawa ni safi.